Mlango Uliofungwa: Jinsi Nakuru Ilivyojifunza Kumhesabu Asiyekuwepo

Kamere iko kusini mwa Ziwa Naivasha, kando ya barabara ya Moi South Lake, mahali ambapo nyumba za plastiki za mashamba ya maua zinatazamana na maji. Watu wake wengi ni wapangaji. Wanaishi kwenye ploti za chumba kimoja kimoja, milango ikifuatana chini ya bati moja, mfereji ukiwa katikati ya ua. Wengi wametoka magharibi mwa nchi, Nyanza na milimani, wakaja kuchuma na kufunga mawaridi. Wengine huja kwa ajili ya samaki. Kibarua kikiisha, mtu hufunga godoro na sufuria akapanda matatu, na wiki hiyohiyo mwenye ploti ameshapata mpangaji mwingine.

Mtafiti wa afya akifika mahali kama hapa na daftari lake, jambo la kwanza analokutana nalo ni mlango uliofungwa kwa kufuli. Mwenyewe yuko zamu, au amehama, au amekufa, au amerudi kwao kwa sababu macho yamepungua na hawezi tena kazi ya shambani. Kila jibu kati ya hayo linabadilisha hesabu. Mbinu za juu za takwimu zinazotumiwa leo katika utafiti wa afya zina majina marefu, lakini sehemu kubwa yake ilizaliwa kutokana na kufuli hiyo. Kaunti ya Nakuru ni moja ya sehemu za Afrika Mashariki ambako mbinu hizo zilijaribiwa kwa ukali, na zikakutana na mambo ambayo vitabu havikuyatarajia.

Kodi na rejesta, 1901 hadi 1962

Serikali ya kikoloni ilianza kuhesabu watu wa Bonde la Ufa kwa sababu ya pesa. Kanuni za kodi ya nyumba zilitoka mwaka 1901, reli ikiwa imeshapita Nakuru. Karani alihesabu vibanda, akakisia waliomo ndani. Aliyekimbilia msituni siku ya hesabu hakuwepo, na alikuwa na sababu nzuri ya kutokuwepo. Miaka michache baadaye Wamaasai walihamishwa kutoka malisho ya Naivasha kwa mkataba wa mwaka 1904, kisha wakaondolewa tena kutoka Laikipia kufuatia ule wa 1911. Ardhi ikagawiwa walowezi, na wafanyakazi waliokuja mashambani wakaandikwa kwenye kipande, kitambulisho cha mfanyakazi. Kwa hiyo tangu mwanzo hesabu za eneo hili zilikuwa hesabu za watu wanaosogezwa.

Habari za magonjwa nazo zilitoka kwenye rejesta za hospitali. Rejesta humjua aliyefika tu. Bibi aliyepofuka akiwa kwenye kigoda chake huko Molo au Bahati, asiyekuwa na wa kumshika mkono mpaka hospitalini, hakuwa na mstari wake katika kitabu chochote. Daktari aliyesoma rejesta hiyo angeweza kuamini kwa moyo safi kwamba upofu ni nadra.

Mwaka 1948 ndipo Waafrika wa Kenya walipohesabiwa kwa mara ya kwanza katika sensa kamili, wakapatikana zaidi ya watu milioni 5. Sensa iliyofuata, ya mwaka 1962, ilitoa zaidi ya milioni 8.6. Sensa hizo ziliacha kitu cha thamani kuliko jumla yenyewe, nacho ni orodha ya maeneo na idadi ya watu katika kila eneo. Bila orodha hiyo huwezi kupiga kura ya haki ya kuchagua nani apimwe. Huko ng'ambo kazi ya nadharia ilikuwa imekwisha kuanza. Mwanatakwimu Jerzy Neyman alionyesha mwaka 1934 kwamba sampuli iliyochaguliwa kwa bahati nasibu inaweza kusema kweli kuhusu umma mzima, pamoja na kusema inaweza kukosea kwa kiasi gani. Mwaka 1943 Hansen na Hurwitz, huko Marekani, wakaonyesha namna ya kuchagua vijiji kwa kadiri ya ukubwa wake. Ilichukua zaidi ya miaka 60 kabla ya kanuni hizo kubisha hodi kwa wazee wa Nakuru.

Kura ya kifua kikuu, miaka ya 1970

Kabla ya macho, palikuwa na kifua. Mwaka 1948 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilichapisha jaribio la dawa ya streptomycin ambalo Austin Bradford Hill alilipanga kwa kura: mgonjwa hakuchaguliwa na daktari, alichaguliwa na namba iliyofichwa ndani ya bahasha. Wazo hilo lilipata kazi yake kubwa huku kwetu. Watafiti Wallace Fox na Denis Mitchison, wakishirikiana na hospitali za Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, waliuliza kama tiba ya miezi 18 ingeweza kufupishwa iwe miezi 6.

Matokeo yalianza kuchapishwa mwaka 1972. Waliotumia streptomycin na isoniazid peke yake kwa miezi 6, karibu 29 kati ya kila 100 waliugua tena. Ilipoongezwa rifampicin, waliougua tena walikuwa kama 3 kati ya 100, sawa na wale wa miezi 18. Tiba fupi ya TB ambayo leo hutolewa bure katika zahanati duniani kote ina mizizi yake katika makohozi ya wagonjwa wa Afrika Mashariki, na sioni kama tunalisema hilo vya kutosha.

Jaribio lile pia lilifundisha jambo kuhusu kufuli. Kuugua tena hakuonekani siku mgonjwa anapotoka wodini, bali miezi mingi baadaye, akiwa ameshapanda basi kwenda kwao. Asipopatikana, utamwandika nini? Ukimwandika mzima, dawa mbaya itaonekana nzuri. Ukimwandika mgonjwa, dawa nzuri itaonekana mbaya. Wakati ule suluhisho lilikuwa miguu: kumtafuta mtu mpaka apatikane. Msingi wa hesabu ya kumwakilisha asiyepatikana ulikuwepo kwenye karatasi tangu 1952, pale wanatakwimu Horvitz na Thompson walipouandika, lakini haukuwa umeingia wodini.

Wazee hamsini hamsini, 2005

Mwaka 2005 timu iliyoongozwa na daktari wa macho Wanjiku Mathenge, pamoja na Hannah Kuper wa chuo cha afya ya umma na tiba ya kitropiki cha London na Hans Limburg, mtaalamu wa tafiti za aina hii, ilipima upofu unaoweza kuepukika katika wilaya ya Nakuru. Wilaya ya wakati huo ilianzia Naivasha ikapanda mpaka Molo. Ulikuwa miongoni mwa tafiti za mwanzo za mtindo mpya wa utafiti wa haraka, ambao sasa umefanywa katika nchi nyingi.

Namna walivyochagua watu inastahili kuelezwa polepole, maana hapo ndipo haki ilipo. Maeneo 76 yalichaguliwa kutoka orodha ya sensa, eneo lenye watu wengi likipewa nafasi kubwa zaidi ya kuangukiwa na kura. Katika kila eneo wakatafutwa wazee 50 wenye umri wa miaka 50 na zaidi. Tuseme eneo moja lina wazee 400 na jingine 200. Lile la kwanza lina nafasi maradufu ya kuchaguliwa, lakini mzee mmoja akiwa ndani yake ana nafasi nusu ya kuwa miongoni mwa hao 50. Maradufu na nusu zinafutana. Mzee wa mtaa wenye msongamano na mzee wa kijiji cha mashambani wanabaki na nafasi sawasawa ya kuulizwa habari za macho yao.

Ndani ya eneo, mtafiti hakuruhusiwa kuchagua nyumba zilizo karibu na lami. Eneo liligawanywa vipande, kipande kikachaguliwa kwa kura, kisha nyumba zikafuatwa moja baada ya nyingine hadi wazee 50 watimie. Aliyekosekana alirudiwa. Akikosekana tena, majirani na jamaa waliulizwa: je, anaona? Jibu lao liliandikwa kando. Kwangu mimi hii ndiyo sehemu ya kupendeza kuliko zote katika mtindo huu. Unakiri kwamba jirani anajua kitu ambacho daktari hajui, na unamhifadhia mahali pake.

Kati ya wazee 3,784 waliopaswa kupimwa, 3,503 walipimwa. Waliokuwa vipofu walikadiriwa kuwa 2 kati ya kila 100, na upana wa makadirio ulikuwa kati ya asilimia 1.5 na 2.4. Karibu asilimia 70 ya upofu huo ungeweza kuzuiwa au kutibiwa, na mtoto wa jicho ndiye aliyeongoza. Upasuaji wake ni wa muda mfupi. Watu walikuwa gizani kwa jambo la nusu saa.

Upana huo wa makadirio una historia yake. Majirani hufanana: hunywa maji yaleyale, huenda zahanati ileile, hushindwa na barabara ileile mvua ikinyesha. Wazee 50 wa kijiji kimoja hukuambia machache kuliko wazee 50 waliotawanyika wilaya nzima. Mwanatakwimu Leslie Kish aliipa athari hiyo kipimo katika kitabu chake cha mwaka 1965, na tangu hapo mpangaji mwaminifu wa utafiti huongeza idadi ya watu ili kufidia ufanano wa majirani. Asipofanya hivyo, upana wa makadirio utaonekana mwembamba kuliko ulivyo, na waziri ataambiwa kwa uhakika jambo ambalo halina uhakika.

Mwaka wa hofu, 2007 na 2008

Utafiti wa haraka una udhaifu wake. Humwona mtoto wa jicho kwa urahisi, lakini hauoni vizuri nyuma ya jicho, ambako glakoma na kisukari hufanya uharibifu wao kimyakimya. Ndiyo sababu mwaka 2007 timu hiyo ilianza utafiti mkubwa zaidi: maeneo 100, wazee 5,010 waliochaguliwa, picha za retina, vipimo vya damu, vipimo vya presha. Waliopimwa walikuwa 4,414, karibu 88 kati ya kila 100. Ni kiwango cha kujivunia popote.

Takwimu zilizotoka humo zilikwenda mbali kuliko macho. Nusu ya wazee hao walikuwa na shinikizo la damu, na karibu 7 kati ya 100 walikuwa na kisukari. Nchi ilikuwa imezoea kufikiri kwamba presha ni ugonjwa wa wenye magari. Mambo haya yasingejulikana kutoka rejesta ya hospitali, kwa sababu mwenye presha hajisikii kuumwa, na asiyeumwa hapangi foleni.

Katikati ya kazi hiyo yakaja machafuko. Uchaguzi ulifanyika tarehe 27 Desemba 2007, na moto ukawaka katika Bonde la Ufa. Mwishoni mwa Januari 2008 ulifika Nakuru mjini, kisha Naivasha. Familia za wafanyakazi wa mashamba ya maua zilikimbilia kituo cha polisi na gereza la Naivasha kutafuta ulinzi. Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza machafuko hayo, ilihesabu vifo 1,133 nchini, na waliohama makwao walikuwa mamia ya maelfu. Mtaa kama Kamere, uliojaa watu waliozaliwa kwingine, ulijua maana ya kuulizwa umetoka wapi.

Fikiria sasa orodha ya utafiti. Kila mzee ana namba, jina, kijiji, na picha ya retina zake. Katika miezi michache vijiji vingine vimegawanyika. Nyumba imebaki kuta. Mzee aliyepimwa Februari 2007 yuko kambini, au Nyanza, au kwa binti yake Nairobi. Waandishi wa vitabu vya takwimu huzungumzia watu "waliopotea katika ufuatiliaji", kana kwamba ni waliosahau miadi. Hapa walifukuzwa.

Nusu iliyopatikana, 2013 na 2014

Kupima mara moja kunakuambia wangapi ni vipofu leo. Ili kujua wangapi wanapofuka kila mwaka, lazima uwarudie watu walewale. Katika Afrika tafiti za kuwarudia wazee kwa ajili ya macho zilikuwa adimu mno. Mwaka 2013, baada ya miaka 6, timu ilirudi ikiongozwa uwandani na daktari wa macho Andrew Bastawrous, pamoja na Mathenge na Kuper. Walisimamisha kliniki za muda katika maeneo yale yale 100, mengine bila umeme, wakibeba mitambo ya thamani kubwa kwenye barabara za vumbi.

Walimpata nani? Kati ya wale 4,414, waliopimwa tena walikuwa 2,170. Chini kidogo ya nusu. Wengine walikuwa wamefariki, wengi walikuwa wamehama.

Mtu anaweza kusema utafiti umekufa hapo. Ungekuwa umekufa kweli kama timu ingehesabu waliopatikana tu na kusema, hawa ndio Nakuru. Waliopatikana si sawa na waliokosekana. Mwenye shamba lake na hati yake hubaki, mpangaji huondoka. Mwenye nguvu huhamia mjini. Aliyedhoofika hufuata watoto. Ukiwasahau walioondoka, umeandika historia ya waliobaki na kuiita historia ya wote.

Ndipo hesabu ya Horvitz na Thompson ilipofanya kazi, ikiwa imekuzwa katika miaka ya 1990 na James Robins na wenzake. Wazo lake anaweza kulielewa mtu yeyote aliyewahi kugawa chakula msibani. Kwa kuwa kila mzee alipimwa mwanzoni, tunajua umri wake, jinsia yake, anakoishi, na alivyokuwa akiona. Tunakadiria uwezekano wa mtu wa aina yake kupatikana tena. Tuseme wanawake 10 wa miaka sabini na kitu wanaoishi mjini walipimwa mwaka 2007, na 5 tu wakapatikana. Kila mmoja wa hao 5 anasimama kwa ajili ya wawili: yeye na mwenzake aliyetoweka. Huko mashambani, ambako 8 kati ya 10 walipatikana, kila mmoja anabeba mtu mmoja na robo. Uzani huo ndio unaoingia katika hesabu. Aliye vigumu kumpata, akipatikana, sauti yake huongezwa, maana anasema pia kwa niaba ya wasiokuwepo.

Kwa njia hiyo ilikadiriwa kwamba katika miaka 6, karibu 12 kati ya kila wazee 100 waliokuwa wakiona vizuri walipata uoni hafifu, na kama mmoja na nusu kati ya 100 alipofuka. Mtoto wa jicho, na miwani ambayo mtu hakuipata, ndivyo vilivyokuwa vyanzo vikuu.

Nasisitiza kikomo cha mbinu hii kwa sababu naiheshimu. Uzani hurekebisha tu kile kilichopimwa mwanzoni. Ikiwa wanawake 5 waliotoweka walikimbia usiku, wakaacha dawa za presha kwenye nyumba inayoungua, maisha yao ya miaka 6 baadaye hayakufanana na ya wale 5 waliobaki, hata kama umri na mtaa vilikuwa sawa. Hakuna fomula inayoweza kujua jambo ambalo hakuna aliyeuliza. Kinachoweza kufanywa ni kuitaja dhana hiyo waziwazi, ili msomaji ajue daraja linasimama juu ya nguzo gani.

Safari hiyo ilizaa kitu kingine. Bastawrous na wenzake walikuwa wakijaribu programu ya simu inayopima uoni kwa herufi E inayogeuzwa huku na huku, na mwaka 2015 walichapisha ulinganisho wake na chati za kliniki, kwa wazee kutoka kundi la Nakuru. Simu ilitoa majibu yanayokaribiana sana na chati. Kwa hiyo kipimo kiliweza kutoka hospitalini kikamfuata mtu nyumbani, mikononi mwa mtu asiye daktari.

Barua na simu Trans Nzoia, hadi 2018

Kutoka Nakuru mbinu zilipanda kaskazini-magharibi hadi Kitale, katika kaunti ya Trans Nzoia. Daktari Hillary Rono na wenzake walichukua shule za msingi 50 za kaunti hiyo, wakapiga kura ya shule nzima nzima: 25 zitumie mfumo wa simu, 25 zifuate utaratibu wa kawaida. Hawakupiga kura ya mtoto mmoja mmoja, kwa kuwa watoto wa darasa moja huambiana mambo na mwalimu wao ni mmoja. Ufanano wa majirani ule aliouandika Kish ukawa sasa ni ufanano wa wanafunzi. Watoto zaidi ya 20,000 walipimwa na walimu wao.

Kipimo cha mafanikio hakikuwa wangapi wamepimwa. Kilikuwa wangapi, baada ya kuambiwa macho yao yana shida, walifika hospitalini. Katika shule za kawaida mtoto alipewa barua. Katika shule za simu mzazi alipata ujumbe, pamoja na karatasi yenye picha inayomwonyesha jinsi mwanawe anavyouona ulimwengu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018: kwa barua, 22 kati ya kila 100 walifika, kwa simu, 54. Na kila mtoto alihesabiwa katika kundi la shule yake, awe ujumbe ulimfikia mzazi wake au haukumfikia.

Hata huko kwenye mafanikio, basi, watoto 46 kati ya kila 100 hawakufika. Mzazi mwingine hakuwa na nauli. Mwingine alikuwa na simu isiyo na chaji. Mwingine, huenda, alikuwa ameitwa kibarua mbali, na mlango wa chumba chake ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Majina ya watoto hao yalikuwa kwenye orodha, na shule ilijua kila mmoja anakaa dawati gani.